Ndoano Zilizolala za Mama Niko

Jua halijagusa mapaa ya Kasingirima, na Elida Kashindi ameshaanza kujichoma kwa makusudi.

Anachukua ndoano moja kutoka kwenye boksi, anailaza ncha juu ya ukucha wa dole gumba la kushoto, anaivuta taratibu kama mtu anayeburuta kijiti mchangani. Ikiteleza, inatupwa kwenye kopo la kulia. Ikikwama na kuacha mkwaruzo mweupe, inawekwa kushoto. Ukucha wenyewe, ukiutazama kwa karibu, utadhani ni ramani ya barabara zote za mkoa, pamoja na zile ambazo bado zinaahidiwa.

"Huo ni ukali tu," anasema bila kuinua macho. "Ukali kila mtu anaujua. Hata mtoto akichomwa anaujua. Kazi bado."

Kazi iliyobaki inaning'inia nyuma yake. Ni boriti nene iliyopigiliwa misumari, kila msumari umeshika ndoano, na kila ndoano imebeba ndoo ndogo ya rangi iliyojaa mchanga wa ziwani. Ndoo hazitikisiki. Kibanda kizima cha mbao na mabati, hapa kando ya njia inayoshuka kwenye mwalo wa Ujiji, kinaonekana kama kimejengwa kuzihifadhi hizo ndoo, na mwenye kibanda akaongezwa baadaye.

Katika kila boksi jipya Elida huchomoa ndoano chache, za juu, za katikati na za chini kabisa, akazining'iniza na mzigo huo kwa siku mbili, mchana na usiku. Zikibaki na umbo lake, boksi hupigwa alama ya chaki na kuuzwa. Hata moja ikifunguka, boksi zima linarudi kwa muuzaji wa jumla kule mtaa wa Mwanga, naye hulipokea huku akinung'unika.

Wavuvi wa hapa wana jina la ndoano zilizopita kwenye boriti ile. Wanaziita zilizolala.

"Mwakeye, Mama Niko," anaita mvuvi mmoja akipita na kamba begani. Ndiyo salamu ya asubuhi ya Waha. "Zimelala?"

"Bado. Leo zinaota tu."

"Basi usiziamshe. Nitarudi kesho."

Mvuvi anacheka na kushuka zake mwaloni. Elida hacheki. Anachukua ndoano nyingine, anaileta ukuchani.

Wanaomfahamu juujuu husema mama huyu ana kiburi cha biashara, kwamba anauza vyuma kama anaozesha mabinti. Wanaomfahamu vizuri hutazama upande wa pili wa kibanda, kwenye kigoda, ambako mzee mmoja mwenye miwani myeusi anasuka kamba kwa vidole bila kuiangalia. Huyo ni Martini, mumewe. Chini ya miwani hiyo kuna jicho moja.

Martini alikuwa mvuvi wa sangala na kuhe, samaki wakubwa wa ziwa hili, mtu wa ndoano peke yake, asiyependa nyavu. Marehemu baba yake, aliyevuka ziwa kutoka Kalemie zamani na kuoa huku, alimrithisha kamba moja ndefu na ndoano zake, nene, nyeusi, zisizo na mng'aro wowote. Miaka tisa iliyopita chache kati ya hizo zilipotea kwenye mawe. Martini akaenda kununua za kujazia.

"Nilizipima mwenyewe," anasimulia. "Ukuchani. Ziling'ata kama kupe! Nikasema, Martini, leo umepata dhahabu kwa bei ya dagaa."

Alipovuta kamba asubuhi iliyofuata, sangala mzito alikuwa kwenye moja ya zile mpya. Alimvuta hadi akamwona anang'aa chini ya maji. Samaki akapiga mkia mara moja. Ndoano ikafunguka, ikanyooka kama msumari, na kwa kuwa kamba ilikuwa imekazwa, ikaruka kurudi ulikotoka mvutano.

"Samaki alichukua chambo, ndoano ikachukua jicho," anasema Martini. "Kila mtu alipata chake."

Ukubwa wa samaki huyo ni suala lingine. Martini huutaja kwa mikono, na mikono yake hurefuka kila mwaka.

"Alikuwa kama mlango huu."

"Mwaka juzi alikuwa kama mlango," anadakia Elida. "Mwaka jana kama benchi la kanisa. Baba Niko, subiri Krismasi, atakuwa kanisa lenyewe na padri ndani."

"Amekua, mke wangu. Unadhani anakaa bure huko chini? Anatembea na jicho langu. Kila nikila ndugu yake ananiona."

Ni utani wa siku nyingi, na bado haujakauka.

Baada ya ajali familia iliishi kwa mihogo ya kuuza na huruma ya majirani. Elida hakuwa amegusa ndoano maishani mwake. Alichofanya, anasema, ni kuiweka ile ndoano iliyonyooka mezani na kuitazama jioni baada ya jioni, akijiuliza kitu kimoja: kitu kikali namna hii kiliwezaje kuwa dhaifu namna hii?

"Nikaja kuelewa kwamba walikuwa wameipeleka nguvu yote kwenye ncha, kwa sababu ncha ndiyo mnunuzi anaipima. Hakuna mvuvi anayepima mkunjo. Mkunjo unapimwa na samaki."

Hapo ndipo boriti ilipozaliwa. Mwanzoni watu waliiona kama wazimu wa mke mwenye uchungu. Kisha wakaanza kuona kwamba waliotega ndoano zake walirudi na samaki wale ambao wengine walirudi na hadithi zao. Siku njema leo hii humwachia shilingi elfu kumi au kumi na mbili. Ndoano zake zina bei juu kidogo ya za jirani yake, Oswald, mwenye duka la vifaa vya uvuvi mlango wa tatu, ambaye huuza boksi siku ile ile linaposhushwa.

"Ya mia ikifunguka umepoteza mia, chambo, samaki na mchana mzima," anasema Elida. "Hapo rahisi iko wapi?"

Lakini mwaka huu boriti hiyo nusura imshinde, na lililomtia matatani ni lile jina.

Ziwa lilikuwa limefungwa, kama linavyofungwa siku hizi kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane. Karibu na kufunguliwa, mji mzima ulikuwa na homa. Injini zilinguruma nchi kavu kwa majaribio, kamba zilitandazwa hadi barabarani, na bodaboda waliziruka kama mbuzi. Ndoano zote za Elida zenye alama ya chaki zilikwisha. Mzigo mpya ulichelewa kwa lori kuharibika njiani, ukafika siku mbili kabla ya ufunguzi. Akauning'iniza siku hiyo hiyo.

Kesho yake akaja Alphonce.

Alphonce ni mtu wa Kasulu, mfanyabiashara wa maharage kwa miaka mingi, mtu mpole mwenye tumbo la heshima. Alikuwa ametumia akiba yake kununua mtumbwi na injini, na ule ndio ungekuwa msimu wake wa kwanza ziwani. Alikuwa ameajiri vijana wanne. Mmoja wao, atakayekaa mbele na kuvuta kamba, alikuwa Nikodemu, mtoto pekee wa Elida na Martini.

"Shikamoo, mama," alisema Alphonce. "Vijana wameniambia nisinunue kwingine. Nataka ndoano namba sita, boksi tatu."

"Marahaba, baba. Njoo kesho kutwa asubuhi. Hizi hazijalala."

Alphonce akatazama zile ndoo, akamtazama mwenye duka. Katika biashara ya maharage, mzigo uliolala ni mzigo uliokosa mnunuzi. Ni mzigo unaopunguziwa bei.

"Mama yangu, unataka niondoke ili nikanunue kesho kutwa kitu kilicholala, wakati leo ninakiona kipya?"

"Ndiyo."

"Na bei utapunguza?"

"Ikilala inapanda."

Nikodemu, aliyekuwa amesimama nyuma ya mwajiri wake, alijaribu kueleza, lakini Alphonce alikuwa ameshaanza kucheka kwa adabu, kicheko cha mtu anayeona anakaribia kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kesho yake ziwa linafunguliwa, mtumbwi wake ungekaa nchi kavu ukisubiri vyuma viamke? Akaaga vizuri, akaenda mlango wa tatu. Kwa Oswald alizikuta ndoano namba sita zinazong'aa, akafundishwa kuzipima ukuchani, zikang'ata kweli kweli. Akalipa.

Elida aliona boksi zikitoka. Zilikuwa za rangi ile ile, muhuri ule ule. Zimeshuka kwenye lori lile lile.

"Usiku huo sikusema neno," anakumbuka. "Nilijiambia, labda zitalala salama. Labda kesho nitazikuta nzima, nitajicheka."

Asubuhi ya ufunguzi hakujicheka. Ndoo nyingi zilikuwa sakafuni, mchanga umemwagika. Ndoano nne kati ya sita zilikuwa zimefunguka, mikunjo imekenua kama midomo.

Hiyo ndiyo asubuhi ambayo muuza ndoano wa Ujiji hupata chakula cha mwezi. Wateja walikuwa wameshasimama nje. Elida aliwaambia hana kitu cha kuuza, akafunga kibanda, akazifumbata zile nne mkononi na kushuka mwaloni.

Mtumbwi wa Alphonce ulikuwa umepambwa kwa kitambaa chekundu. Vijana walikuwa wakifunga ndoano za mwisho kwenye kamba.

"Baba, usiende na hizi," alisema Elida. "Ni ndugu wa hizi." Akafungua kiganja.

Alphonce akazitazama. "Mama, umezipinda kwa koleo?"

Watu wakaguna. Wengine walisogea, kwa sababu ugomvi wa mwaloni asubuhi ya ufunguzi ni kitu cha bure na watu wengi walikuwa hawajanywa chai.

"Siku zote mimi huzining'iniza. Waulize hawa."

"Mama yangu, biashara ni ushindani. Jana nimenunua kwa mwenzako, leo unakuja kuusemea mabaya mtumbwi wangu kabla haujalowa? Hata kwetu kwenye maharage hatufanyiani hivyo."

Nikodemu akashuka mtumbwini, maji magotini. "Mama, tafadhali. Unanitia aibu. Rudi nyumbani."

Elida hakurudi. Aliomba ndoano moja ya Alphonce, akaomba ndoo, akaijaza mchanga, akaining'iniza kwenye mti wa kufungia mitumbwi.

Ndoano ilishika.

Wakangoja. Ikashika. Mtu mmoja akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Mama Niko, hii haina usingizi!" na mwalo mzima ukaangua kicheko.

"Niliijua kasoro ya kipimo changu pale pale," anasema Elida leo, akitazama ukucha wake. "Kitu kinachochoka usiku kucha hakichoki mbele ya watu wanaongoja kucheka. Nilikuwa na ukweli mkononi na sikuwa na usiku wa kuuonyesha."

Injini ikavutwa kamba, ikakohoa. Nikodemu akapanda na kukaa mbele, mahali pa mvutaji, pale pale alipokaa baba yake.

Ndipo watu wakaanza kupisha. Martini alikuwa anateremka. Mzee huyo hakuwa amekanyaga mwaloni kwa miaka tisa. Alikuwa na fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili kopo la maziwa ya unga lenye kutu.

Nyumbani kwao kila mtu analijua kopo hilo. Ndani yake, katika mafuta ya kula, zilikaa ndoano za baba yake, zile nyeusi kutoka Kalemie. Kila mwezi Martini alizimwaga kwenye sinia, akazifuta moja moja, akabadili mafuta. Mtu akimuuliza anazitunza za nini, alijibu, "Siku nikirudi ziwani." Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumuuliza siku gani.

Alisimama mbele ya Alphonce, akavua miwani.

Mwaloni hapakuwa na aliyecheka tena. Wengi walikuwa hawajawahi kuliona lile shimo.

"Ilikuwa kali," alisema Martini. "Iling'ata ukucha, kama yako."

Kisha akampa kopo. Alphonce alichukua ndoano moja, akaifuta mafuta kwa shati lake jipya, na kwa kuwa alikuwa amefundishwa jana, akaileta ukuchani. Ikateleza.

"Mzee wangu, hizi ni butu."

"Ni butu," alisema Elida. "Butu ninaiweza. Nina tupa. Ukali nitautia hapa hapa ukiniangalia. Nguvu hakuna fundi wa kuitia, si mimi, si nani. Hizi zimekaa miaka tisa kwenye mafuta, na kabla ya hapo zimemvuta kila aina ya samaki, hazijafungua mdomo. Hizi ndizo zilizolala, baba."

Alphonce akaishika ndoano ile muda mrefu.

"Nikuulize," Elida akaendelea, sauti imeshuka. "Maharage ya mbegu unachukua yaliyovunwa leo?"

"Hapana. Yaliyokaa ghalani."

"Yote?"

"Yale yaliyokaa bila kutobolewa na mdudu." Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyefunguliwa mlango alioegemea. "Kumbe mnaziweka ghalani. Mama yangu, mngesema mbegu ningewaelewa tangu jana!"

Akageuka akawaambia vijana wazime injini.

Waliifungua kamba yote. Elida aliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, tupa mkononi, akanoa. Nikodemu alikaa miguuni pake akimpokea kila iliyokuwa tayari na kuifunga, bila kusema neno la aibu wala la kuomba radhi. Mitumbwi mingine iliondoka. Wa Alphonce ulibaki mchangani mchana kutwa, mwenyewe akifuta mafuta ya ndoano kwa kitambaa chekundu cha mapambo.

Alipouliza bei, Martini alikataa.

"Siuzi. Nakuazima. Ndoano zangu zirudi, na mtoto wangu arudi na macho yote mawili. Ukileta samaki, hiyo ni juu yako na Mungu."

Waliondoka jioni. Elida na Martini hawakwenda nyumbani Kasingirima mapema. Walibaki kibandani, yeye akifagia mchanga uliomwagika, mzee akilishika kopo tupu mapajani kana kwamba bado ni zito.

Mtumbwi ulirudi asubuhi, umechelewa kuliko yote, umedidimia majini kwa uzito. Watu walikimbilia kuangalia samaki. Martini hakuuliza samaki. Alimshika Nikodemu kidevu kwa vidole vyenye harufu ya mafuta, akamgeuza uso upande wa jua, akaangalia jicho la kulia, kisha la kushoto. Akarudia la kulia.

"Baba, niko mzima."

"Nyamaza, bado naangalia."

Alipomwachia, Nikodemu alimpa ndoano zilizofungwa kwenye kitambaa. Moja ilikuwa imepotea. Kamba ilikatika kwenye mawe, samaki akaondoka nayo.

"Alikuwa mkubwa?" aliuliza Martini.

Nikodemu akanyoosha mikono. Akaitazama, akaona haitoshi, akaiongeza.

"Yesu wangu," alisema Elida. "Na huyu naye ameanza."

Wanaosimulia kisa hiki mwaloni husema Martini alicheka hadi ndege wakaruka kutoka upande wa pili wa ziwa. Hilo sithubutu kuliapia, maana upande wa pili ni mbali. Lakini alicheka, na wengi walisikia. Kisha akamrudishia mwanawe kitambaa kile na ndoano zake.

"Kaa nazo. Mimi nimeshashuka. Zenyewe ziendelee."

Hakuwahi kusema tena kwamba atarudi ziwani. Kopo la maziwa sasa lina misumari ya boriti.

Maana boriti inarefushwa. Wiki iliyofuata Oswald alikuja na boksi zake kwapani, akajikuna kisogo, akauliza kama kuna nafasi ya kuning'iniza. Elida alimpa misumari miwili. Alphonce naye ameleta mti mrefu kutoka Kasulu juu ya gari la maharage. Mpango wa Elida ni huu: ziwa litakapofungwa tena, wauza ndoano wote wa njia hii walete mizigo yao mapema, wailaze pamoja, ili siku ya ufunguzi asiwepo mvuvi anayelazimika kuchagua kati ya kuwahi na kuwa salama.

"Tukiwa na boriti moja, mwenye haraka hatakuwa na pa kukimbilia," anasema. "Sitaki tena kushuka mwaloni na kuchekwa. Nataka zichoke hapa, mbele yangu mimi."

Bado hajui kama wote watakubali. Kuna wanaosema anataka kuwatawala.

Jua sasa limefika mabatini. Kijana mgeni, kamba mpya mkononi, anasimama mlangoni na kuelekeza kidole kwenye boksi linalong'aa karibu na mizani.

"Maza, nipe hizo hapo. Naona ni kali kinoma."

Elida anainuka, anagusa ndoo moja kwa kidole kuona kama inatikisika, anarudi kuketi.

"Kaa hapo karibu na mzee akusimulie samaki," anasema. "Hizo ziache zilale kwanza."